Usiwapaushe watoto wa watu: kuchagua profaili ya picha unaposhuti video kwa DSLR

Jumatatu moja saa tatu asubuhi napigiwa simu na mama wa bibi harusi, kazi yake nilikuwa nimemkabidhi juzi yake tu kwenye flashi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akasifia muziki, akasifia nilivyomchukua babu yao akicheza, afu akashusha pumzi. "Ila mwanangu, mbona wanangu wote wamepauka? Mpaka bibi harusi mwenyewe, utadhani nyumba hii hatujui mafuta."

Nikamwambia labda ni TV mama. Nikafungua faili nikaangalia tena peke yangu, nikaona mama wa watu ana haki. Ngozi zilikuwa za kijivu kama mtu katoka kubeba mifuko ya saruji, ukuta wa nyuma ya meza kuu una mistari mistari kama ngazi, na kwenye suti nyeusi za wapambe chenga, vile vidoti vidoti vya uchafu, zinacheza zenyewe bila hata muziki. Kosa halikuwa la ukumbi wala la kamera, lilikuwa langu, maana wiki ile nilikuwa nimeshika kwamba ukitaka video ionekane kama sinema basi weka profaili flati, yani ile inayolegeza giza, mwanga na rangi vikaribiane, nikapakua iliyo flati kuliko zote, nikaitupia kwenye kamera nikaenda nayo kazini bila kuijaribu hata kwa paka.

Kwa hiyo haya ninayoandika ndo yale ambayo ningetamani mtu angeniambia kabla ya harusi ile. Yanawahusu wenye DSLR za kawaida, 600D, 700D, 70D, 5D Mark II za mtumba, Nikon D5300, D7200 na ndugu zao, hizi ambazo nusu ya harusi na send-off za Dar zimepita kwenye kioo chake. Wenye mirrorless mpya (kamera zisizo na kioo ndani) zenye log, yani flati ya kitaalamu, na bit 10 mna mengine yenu, kaeni tu hapo msikilize.

Profaili ni kitu gani hasa

Canon wanaita Picture Style, Nikon wanaita Picture Control, ni kitu kile kile. Ni maelekezo unayoipa kamera kwamba ukishapata mwanga kutoka kwenye sensa uupike vipi: kontrasti (tofauti ya giza na mwanga) kiasi gani, rangi zikolee kiasi gani, kingo za vitu zikazwe kiasi gani (huo ndo ukali), ngozi ielekee kwenye wekundu au umanjano.

Ukipiga picha mnato kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalipika) hilo halikuumizi kichwa, profaili inakuwa kama kibandiko tu juu ya ndoo, ukifika nyumbani unakibandua unaweka kingine. Video ya DSLR haiko hivyo. Inapikwa humo humo ndani ya kamera, inakandamizwa kuwa H.264 (namna ya kubana video ili faili liwe dogo), na kinachobaki kwenye memori kadi ni chakula kilichoiva. Kontrasti kwenye video ni kama chumvi kwenye pilau, ikipungua utaongeza mezani, ikizidi hapo tena ni kusukumia na maji.

Wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kutoa chumvi yote. Na ndo nilipoangukia mimi. Sikiliza, video za kamera hizi ni bit 8, maana yake kila rangi ya msingi, nyekundu, kijani na bluu, ina ngazi 256 tu kutoka giza kabisa mpaka nyeupe kabisa. Chukulia daladala yenye siti 256. Profaili flati sana inawabananisha abiria wote siti za katikati, za mbele na za nyuma zinabaki wazi, ndo maana picha inaonekana ya kijivu, hamna nyeusi ya kweli wala nyeupe ya kweli. Sasa ukifika kwenye kuediti unataka kontrasti irudi, unawaambia abiria wale wale wasambae wajaze gari zima. Watasambaa, lakini kati ya mtu na mtu kutakuwa na siti tupu, na zile siti tupu ndo mistari uliyoiona ukutani kwangu. Anga la jioni, ukuta uliopakwa rangi moja, shavu lenye mwanga unaofifia taratibu, hapo ndo panaumbuka kwanza.

Na kwenye giza ni balaa zaidi kwa sababu H.264 ikibana inaonea sana sehemu za giza, inaona hapa hamna mtu anaangalia inatupa taarifa. Profaili flati inanyanyua giza kulileta juu, kwa hiyo inakuonyesha ule uchafu ambao profaili ya kawaida ingeufunika kwa weusi.

Kwahiyo flati siyo "bora". Flati ni dawa ya ugonjwa mmoja, mwanga mkali wenye kivuli kizito. Ukumbi wangu ule ulikuwa na mwanga hafifu uliosambaa, yani hauna ugonjwa huo kabisa, nikampa dawa mtu mzima wa afya.

Maswali mawili kabla hujashika menyu

La kwanza, hii kazi nani atagredi rangi, yani kuzirekebisha baada ya kushuti, na ana muda gani? Kama mteja anataka klipu ya kurusha status usiku huo huo, au wewe mwenyewe una laptopu inayohema ukifungua tu programu, achana na flati, shuti rangi iliyokaribia kukamilika. Sioni aibu yoyote hapo. Nimeona jamaa wanashuti flati halafu wanatoa flati vile vile kwa sababu muda wa kugredi haukupatikana, video ya send-off inaonekana kama imetazamwa kupitia chandarua.

La pili, mwanga wako una tofauti kubwa kiasi gani kati ya panapong'aa na penye kivuli? Kariakoo saa sita mchana jua liko utosini, Dar tuko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, macho ya mtu yanazama kwenye mashimo mawili ya kivuli wakati paji la uso na mabati ya nyuma yake yanawaka. Hapo unahitaji kontrasti ishuke. Siku ya mawingu ya masika, mwanga umesambaa kila mahali kama maziwa, hamna kivuli cha kupigania, hapo ukiweka flati unajitafutia tu kazi.

Majina yaliyomo kwenye Canon

Standard ndo ipo ukinunua. Kontrasti yake imepanda kiasi, rangi zimekolea, ukali uko 3 kwenye kamera za zamani. Kwa video inafanya nyeusi zizibe mapema, suti nyeusi inakuwa shimo. Lakini siyo adui, ishushe kontrasti hadi -2 na ukali hadi 0 na inakuwa mfanyakazi mzuri wa siku za mawingu na kazi za haraka.

Portrait watu wanaipenda kwa sababu jina linasema watu. Imetengenezwa kuipa ngozi upinki, na upinki ule kwa ngozi zetu nyeusi naona unageuka damu ya mzee, hasa chini ya taa za manjano. Mimi siitumii. Kuna jamaa anaitumia kwa maharusi weupe na inamkubali, sawa.

Landscape inakoza kijani na bluu na kukaza kingo. Bahari ya Kigamboni itapendeza hadi raha, mtu aliyesimama mbele yake hatapendeza. Iache kwenye picha mnato.

Neutral ndo nyumbani kwangu. Kontrasti iko chini, rangi hazijakolezwa sana, ukali unaanzia 0. Faithful ni jirani yake, Canon waliitengeneza ili rangi ziwe kama zilivyo kitu kikiwa kwenye mwanga wa jua wa Kelvin 5200, ni ya kiufundi zaidi, inafaa bidhaa, kwa watu naona inaleta umanjano kidogo ila hiyo ni jicho langu.

Monochrome usiiguse kwa video ya mteja. Rangi ukiitoa kwenye kuediti ni sekunde tano, ukishuti bila rangi hairudi mpaka kiama. Na Auto, kwa kamera zilizo nayo, ikae mbali, inajibadilisha yenyewe kulingana na inachokiona, klipu hii bibi harusi ana rangi hii, ukigeuka ukirudi ana rangi nyingine, na wewe ndo utakayekesha kuzioanisha.

Kwa wenye Nikon: Standard, Vivid, Portrait na Landscape maneno ni yale yale, Neutral ndo ya kuanzia, na kamera zilizotoka kuanzia D810 ya 2014, kina D750, D5500, D7200, zina Flat iliyotengenezwa na Nikon wenyewe. Hiyo Flat ni ya kistaarabu kuliko nyingi za kupakua, lakini sheria ya daladala haijaiacha nje.

Namna ninavyoweka

Kwenye Canon geuza kitufe cha juu kwenye video, ingia menyu, tafuta Picture Style, shuka mpaka User Def. 1, bonyeza INFO. Hapo juu kabisa inakuuliza msingi uwe profaili ipi, chagua Neutral. Afu:

Ukali 0. Hili halina mjadala kwangu. Kamera hizi nyingi zikishuti video haziisomi sensa yote, zinaruka mistari, kwa hiyo vitu vyenye mistari ya karibu karibu vinaleta mawimbi ya rangi yanayocheza. Mabati ya nyumba ya mbali, shati lenye vimistari, khanga yenye nakshi ndogo ndogo za pindo, kapeti la madhabahu. Ukali wa ndani ya kamera unayachukua mawimbi yale na kuyakaza yawe kama yamechorwa kwa kalamu. Weka 0, ukitaka ukali ongeza kwenye kuediti ambako unaweza kuupima. Kamera mpya kidogo zimegawa ukali kuwa vitu vitatu, wewe shusha ule wa nguvu.

Kontrasti -2 kwa kazi nyingi. Ikifika jua kali nateremka -4 ambayo ndo chini kabisa. Ile tofauti ya -2 na -4 naitofautisha kwa kuangalia kanzu: kama mtu mwenye kanzu nyeupe yuko juani na nikiweka mwanga wa usoni mwake sawasawa kanzu bado ina mikunjo inayoonekana, basi -2 inatosha.

Kukolea kwa rangi -1, au -2 ukumbini. Sababu ya ukumbini ntaieleza.

Rangi ya ngozi acha 0. Kwenye Canon ukienda kwenye hasi ngozi inaelekea wekundu, chanya umanjano. Watu wanaichezea hii kurekebisha kosa ambalo kumbe ni la waiti balansi, ule mpangilio wa kuiambia kamera mwanga una rangi gani. Rekebisha waiti balansi kwanza.

Sasa na hizi za msaada, zima. Kwenye Canon Auto Lighting Optimizer, kwenye Nikon Active D-Lighting. Zinanyanyua kivuli kwa akili zao, na klipu mbili za mtu mmoja zinaweza kupishana. Highlight Tone Priority ya Canon nayo ni mtego wa aina yake, inaokoa nyeupe kidogo kwa kuongeza chenga kwenye giza, na ISO, yani wepesi wa kamera kupokea mwanga, inaanzia 200 ikiwashwa. Kwa jua la pwani na mavazi meupe nimewahi kuiwasha makusudi na haikuniangusha, lakini usiiwashe ukasahau ukaingia nayo ukumbini.

Kitu kingine kabla sijasahau, ingawa siyo profaili. Kamera za mtumba nyingi zinakuja zimewekwa NTSC (mfumo wa video wa kina Marekani), badilisha iwe PAL, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Umeme wetu ni hertz 50, ukishuti fremu 30 kwa 1/60 taa za tyubu zitapepesa na utaisingizia profaili bure.

Hizi flati za kupakua

Maarufu kuliko zote kwa Canon ni CineStyle ya Technicolor, ilitoka 2011, ya bure. Unaiingiza kwa waya wa USB na programu ya EOS Utility, inakaa kwenye moja ya zile User Def tatu. Wenyewe walishauri ukali 0, kontrasti -4, kukolea -2, na ISO ya mafungu ya 160, yani 160, 320, 640. Hizo ISO wenye 7D, 60D na 5D wanazo kwenye menyu, 550D na 600D zinaruka 100, 200, 400 tu, mpaka uweke Magic Lantern, programu ya bure ya kuiongezea Canon uwezo.

Je ni mbaya? Hapana bana. Nimeona video za muziki zilizoshutiwa nayo zikatoka safi kabisa. Lakini angalia mazingira yake: mwanga umewekwa na mtu anayejua, msanii kasimama palepale, ekspoja imejaa vizuri, na kuna mtu kakaa siku nzima anagredi. Mwanga umejaa, hilo ndo neno. Profaili flati inapenda ushibe mwanga. Ukiipeleka ISO 3200 kwenye sherehe ya nyumbani Tabata chini ya taa mbili za plastiki, itakuonyesha chenga hata ambazo hukujua kamera yako inazo.

Kama una 5D Mark IV, Canon walianza kuuza nyongeza ya Canon Log kwa kamera hiyo 2017, unalipia. Nayo inarekodi bit 8, kwa hiyo heshimu mipaka ile ile.

Ngozi yetu na kipimo cha kamera

Hapa nikae kidogo, maana hili ndo hasa lililompausha yule bibi harusi, profaili ilimalizia tu.

Kipimo cha mwanga cha kamera kinadhani dunia nzima kwa wastani ni kijivu cha kati. Kikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu kinasema mwanga mwingi huu, kinashusha, na uso mweusi uliopo ndani ya shela unadidimia. Sasa uso ukishadidimia, ukaja kuunyanyua kwenye kuediti, unanyanyua zile ngazi chache zilizobaki kwenye giza pamoja na chenga zake, na rangi ya ngozi, ule wekundu na udhahabu wa ndani unaofanya ngozi nyeusi iwe hai, ulikuwa umeshatupwa na H.264. Kinachobaki ni kijivu. Ndo kupauka kwenyewe.

Kwa hiyo weka kamera kwenye M (unapanga mwanga mwenyewe), sogelea uso, pima uso. Ngozi nyeusi haitakiwi kuwa kijivu cha kati, iache iwe nyeusi yake, lakini ule mng'ao wa kwenye shavu na pua uwepo na uonekane wazi. Mng'ao ule ndo taa yako ya kuongozea. Ukiuona umezima umeshuka sana, ukigeuka doa jeupe lisilo na ngozi ndani yake umepanda sana. Shela likiungua kidogo kwenye kingo, yani likawa jeupe tupu bila mikunjo, basi, mama wa bibi harusi hajawahi kunipigia simu kuhusu shela.

Tatizo la profaili flati ni kwamba inakudanganya hapo hapo kwenye kioo cha kamera. Kila kitu kinaonekana kimepauka na kung'aa, unadhani umezidisha mwanga, unashusha, kumbe ulikuwa sawa. Mimi ilinitokea usiku kucha. Dawa ni histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga umekaa wapi kati ya giza na nyeupe. DSLR nyingi za kawaida hazina zebra, yani mistari ya kuonyesha panapoungua, kama hujaweka Magic Lantern, kwa hiyo ninachofanya napiga picha moja mnato ya JPEG kwa mipangilio ile ile na profaili ile ile, naifungua, naangalia histogramu yake kwa utulivu, ndo narudi kurekodi. Ukiwa Coco Beach mchana kioo hakionekani kabisa, jifunike khanga kichwani kama bibi anayepuliza moto, watakucheka lakini utaona.

Waiti balansi funga kwa Kelvin, usiiache Auto. Kamera kama 600D, 700D na D5300 hazina Kelvin kwenye menyu, hapo chagua alama ya jua, mawingu au balbu. Jua 5200, mawingu karibu 6000, balbu za manjano 3200, halafu rekebisha kwa jicho ukiangalia ngozi. Ngozi nyeusi ikiwekewa namba ya chini kuliko mwanga uliopo inaingia ubluu, na ubluu juu ya weusi unasomeka kama kijivu. Kwa hiyo ukikosea, kosea kuelekea joto.

Ukumbini

Taa za zambarau. Sijui nani alizileta lakini kila ukumbi sasa hivi zipo, pande zote nne, bluu, pinki na zambarau. Shida yake ni kwamba mwanga ule umejaa kwenye bluu na nyekundu, kijani hamna kitu, kwa hiyo chaneli ya bluu inaungua wakati kipimo cha kamera kinakwambia bado giza. Uso unakuwa dimbwi la zambarau lisilo na pua. Kukoleza rangi kunazidisha, ndo maana ukumbini nashusha -2, inaipa ile chaneli nafasi ya kupumua kidogo. Kisha naweka taa yangu ndogo ya LED juu ya kamera, hata hafifu, ili uso upate mwanga mweupe wa kwake. Ile taa imenisaidia kuliko profaili zote nilizowahi kupakua, na MC akilalamika inamchoma macho mwambie avumilie dakika mbili.

Kontrasti ukumbini -2 na siyo zaidi. Mwanga wenyewe mara nyingi umeshalegea, na huo moshi wao wa sherehe unapunguza kontrasti bila kuombwa.

Kwa mahojiano ofisini, dirisha upande huu tyubu upande ule, wala usihangaike na profaili, Neutral ile ile, zima tyubu au funga pazia, chagua mwanga mmoja.

Jaribu nyumbani kwanza

Chukua asubuhi moja ya Jumapili. Mimi nilimweka dada yangu barazani, nikampa shuka jeupe ajitande, mapajani nikamwekea khanga nyekundu yenye nakshi ndogo, na suti yangu nyeusi nikaitundika kwenye msumari nyuma yake. Sura, nyeupe, nyeusi, nakshi, vyote ndani ya fremu moja. Kamera kwenye stendi, waiti balansi imefungwa, shata imefungwa, hamna kinachobadilika isipokuwa profaili. Sekunde kumi kila moja: Standard kama ilivyo, Standard iliyoshushwa, Neutral -2, Neutral -4, na ile flati unayoitamani. Mwanzo wa kila klipu anashika karatasi yenye jina la profaili, usijiaminishe kwamba utakumbuka, hutakumbuka. Afu rudia saa sita juani, afu rudia usiku na taa ya sebuleni.

Zipeleke kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuediti na kugredi, ya bure inatosha, na ujipe dakika tatu tu kwa kila klipu kuifanya ngozi ya dada ifanane na dada. Muda huo ni makusudi, ndo muda halisi ulio nao kazini. Flati niliyoipakua ilinishinda ndani ya dakika tatu, Neutral -2 ilichukua chini ya moja.

Halafu usihukumu kwenye laptopu. Tuma kwa WhatsApp kwa mtu mwingine, mwambie akurudishie, angalia kwenye simu ya kawaida, maana huko ndo kazi yako itaishi. WhatsApp inakandamiza mara ya pili kile ambacho kamera ilishakandamiza, na klipu yenye chenga inavunjika vipande vipande kabla ya zote. Pia weka kwenye TV ya sebuleni ambayo rangi zake zimepandishwa na watoto. Iliyopona sehemu zote hizo ndo yako, iandike kwenye karatasi ubandike ndani ya begi.

Mwishowe kwangu zikabaki tatu. User Def. 1 ni Neutral, ukali 0, kontrasti -2, kukolea -1, hii ni asilimia kubwa ya kazi. User Def. 2 ni Neutral, ukali 0, kontrasti -4, kukolea -1, ya jua la mchana. User Def. 3 ni ya ukumbini, kontrasti -2 na kukolea -2. Yule mama nilimrudia ile kazi, nilikaa siku tatu nikiongeza wekundu na joto kwenye ngozi klipu kwa klipu, nikamwaga chenga bandia laini juu ya ukuta ili zile ngazi zisionekane, ikawa afadhali. Hakusema ni nzuri. Alisema "sasa angalau wameoga."

Na ukimwazima mtu kamera, ikirudi fungua Picture Style kabla hujafanya kingine chochote. Mdogo wangu aliwahi kunirudishia yangu ikiwa Monochrome, nikagundua bibi harusi akiwa ameshashuka kwenye gari, bahati nzuri keki ilikuwa bado.